Kiini Kinachovunjika kwa Nadra: Njia ya Kuijua Nyutrino

Mji mdogo wa Lamadi, katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, uko kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, mahali ambapo barabara ya kwenda Bariadi huachana na ile itokayo Mwanza kwenda Musoma. Mchana wa jua kali, dagaa wakiwa wameanikwa ufukoni, kila mtu huuona mwanga wa Jua na kulihisi joto lake. Lakini pamoja na mwanga huo huja kitu kingine kisichoonekana wala kuhisiwa. Katika kila sekunde moja, eneo lenye ukubwa wa ukucha wa kidole, yaani kama sentimeta mraba moja, hupitiwa na chembe zipatazo bilioni 65 zilizozaliwa ndani kabisa ya Jua. Chembe hizo huitwa nyutrino.

Usiku hali ni ile ile. Lamadi iko nyuzi mbili na ushei kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo, ifikapo saa sita ya usiku, Jua huwa upande wa pili wa Dunia, chini ya miguu ya watu waliolala, na nyutrino zake huwafikia zikitoka chini. Mwanafunzi akichora duara la Dunia na kupima pembe, ataona kwamba katika usiku wowote wa mwaka, nyutrino zinazofika Lamadi saa hiyo zimekwisha kupenya tabaka la chuma lililoko katikati ya Dunia. Mwamba na chuma havizizuii, isipokuwa chache mno.

Chembe ipitayo kila kitu bila kuacha alama ni vigumu kuichunguza. Hata hivyo, wanasayansi wanaamini kwamba tabia za nyutrino zinaweza kueleza jambo kubwa: kwa nini ulimwengu una maada, badala ya kuwa mwanga mtupu. Mojawapo ya njia za kuzijua tabia hizo haiko angani wala katika Jua. Ni kuketi chini ya ardhi, mbele ya gramu au kilogramu kadhaa za madini yaliyosafishwa, na kungoja kiini kimoja cha atomi kivunjike kwa namna ambayo hadi leo haijapata kuonekana. Makala haya yanaeleza maana ya kungoja huko.

NYUTRINO ILIVYOJULIKANA

Baadhi ya viini vya atomi si imara. Baada ya muda hubadilika vyenyewe na kuwa viini vya elementi nyingine, huku vikitoa mnururisho. Badiliko hilo huitwa mbunguo. Katika mbunguo wa beta, nyutroni moja iliyomo katika kiini hugeuka kuwa protoni, na elektroni moja hurushwa nje.

Hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini palizuka tatizo. Nishati inayotolewa na kiini cha aina moja ilipaswa kuwa ile ile kila mara, lakini elektroni zilizopimwa zilikuwa na nishati mbalimbali, nyingine ndogo, nyingine kubwa. Mfano wa mwaloni unaweza kusaidia. Tuseme kila mtumbwi hurudi na dagaa wa kilo 50 kamili, na mvuvi mmoja huonekana akipita kwenye mizani na ndoo yake. Siku moja ndoo ina kilo 12, siku nyingine 31, siku nyingine 44. Ama dagaa hupotea bila sababu, ama yuko mgawiwa wa pili ambaye hapiti kwenye mizani.

Mwaka 1930 Wolfgang Pauli alipendekeza kuwa yuko mgawiwa wa pili: chembe isiyo na chaji, nyepesi mno, inayoondoka na sehemu ya nishati. Enrico Fermi aliijengea nadharia kamili katika miaka ya 1933 na 1934. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kuipata kwa majaribio. Mwaka 1956 Frederick Reines na Clyde Cowan waliigundua karibu na tanuri la nyuklia la Savannah River, Marekani. Kwa desturi ya sasa, chembe itokayo pamoja na elektroni katika mbunguo wa beta huitwa nyutrino kinzani.

Bara la Afrika lina nafasi yake katika historia hii. Nyutrino za Reines na Cowan zilitoka katika tanuri lililotengenezwa na binadamu. Nyutrino za asili zilinaswa kwa mara ya kwanza mwaka 1965, na mojawapo ya sehemu mbili zilikonaswa ni mgodi wa dhahabu wa East Rand, karibu na Johannesburg, katika kina cha zaidi ya kilometa 3. Kazi hiyo iliongozwa na Reines pamoja na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Sehemu ya pili ilikuwa mgodi wa dhahabu wa Kolar, nchini India, mwaka huo huo. Tangu hapo ilidhihirika kwamba shimo refu la mgodi ni maabara yenye faida ambayo haipatikani juu ya ardhi.

MASWALI YALIYOBAKI

Kwa muda mrefu nyutrino ilidhaniwa kuwa haina tungamo kabisa. Dhana hiyo ilianguka kati ya mwaka 1998 na 2002, wakati majaribio ya Super-Kamiokande nchini Japani na SNO nchini Kanada yalipoonyesha kuwa nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini. Ziko aina tatu, na badiliko la namna hiyo haliwezekani kama aina zote hazina tungamo. Takaaki Kajita na Arthur McDonald walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa kazi hiyo.

Lakini majaribio hayo hupima tofauti tu kati ya tungamo moja na nyingine. Ni sawa na kuambiwa kwamba mtoto mmoja amemzidi mwenzake kwa sentimeta tano, bila kuambiwa urefu wa yeyote kati yao. Kutokana na tofauti hizo inajulikana kwamba nyutrino iliyo nzito kuliko zote ina angalau elektronivolti 0.05. Kwa upande wa juu, jaribio la KATRIN nchini Ujerumani lilitangaza mwaka 2025 kuwa tungamo hiyo haizidi elektronivolti 0.45. Elektroni, ambayo yenyewe ni chembe nyepesi, ina elektronivolti 511,000. Kwa hiyo nyutrino ni nyepesi kuliko elektroni kwa zaidi ya mara milioni moja. Wepesi wa kiasi hicho wadai maelezo.

Swali la pili ni la asili ya chembe yenyewe. Kila chembe ya maada inayo chembe kinzani. Elektroni ina chaji hasi, na kinzani yake, yaani positroni, ina chaji chanya, hazichanganyiki kamwe. Nyutrino haina chaji. Je, nyutrino na nyutrino kinzani ni vitu viwili tofauti, au ni kitu kimoja kinachoonekana kwa sura mbili? Mwaka 1937 Ettore Majorana, mwanafizikia kijana wa Italia, alionyesha kwa hesabu kuwa chembe isiyo na chaji inaweza kuwa kinzani ya nafsi yake. Mwaka uliofuata alipotea na hakuonekana tena. Swali aliloliacha halijajibiwa hadi leo.

MBUNGUO MARADUFU

Viini vingi huvunjika kwa hatua moja moja. Viko vichache ambavyo hatua moja imefungwa kwao, lakini hatua mbili kwa pamoja ziko wazi. Mfano mzuri ni gerimaniamu-76, yenye protoni 32 na nyutroni 44. Kama nyutroni moja ingegeuka, kiini kingekuwa arseniki-76. Lakini arseniki-76 ina tungamo kubwa zaidi, na kiini hakiwezi kujiongezea nishati kisiyokuwa nayo. Seleniamu-76, iliyo hatua mbili mbele, ina tungamo ndogo. Kiini cha gerimaniamu ni kama mtu aliyesimama kwenye kingo ya mtaro, mbele yake pana tuta refu asiloweza kulipanda, na ng'ambo ya tuta pana uwanda ulio chini. Njia pekee ni kuvuka kwa mruko mmoja.

Sababu ya hali hii ni kwamba protoni hupenda kukaa mbilimbili, na nyutroni vivyo hivyo. Kiini chenye idadi shufwa ya kila moja hushikamana vizuri. Chenye idadi witiri za pande zote mbili, kama arseniki-76, hushikamana kwa udhaifu.

Mwaka 1935 Maria Goeppert-Mayer alikokotoa jinsi nyutroni mbili zinavyoweza kugeuka kwa pamoja na kutoa elektroni mbili na nyutrino kinzani mbili. Mruko huo ni wa nadra sana. Nusu-uhai wake, yaani muda unaohitajika ili nusu ya viini viwe vimekwisha kuvunjika, huwa kiasi cha miaka 10¹⁸ hadi 10²⁴ kwa isotopu zilizopimwa. Umri wa ulimwengu wote ni kama miaka bilioni 13.8, yaani 1.38 × 10¹⁰ tu.

Dalili ya kwanza ilitoka katika mawe. Mwaka 1950 Mark Inghram na John Reynolds walichunguza madini ya kale ya teluriamu wakakuta ndani yake gesi ya zenoni-130 kupita kiasi cha kawaida. Gesi hiyo ilikuwa imejikusanya kidogo kidogo kwa muda mrefu mno kutokana na mbunguo maradufu wa teluriamu-130. Kuuona mbunguo wenyewe ukitokea katika maabara kulingoja hadi mwaka 1987, wakati Steven Elliott, Alan Hahn na Michael Moe, huko California, walipounasa kwa kutumia seleniamu-82. Hivi sasa mbunguo wa aina hii umethibitishwa katika isotopu zaidi ya kumi.

MBUNGUO USIO NA NYUTRINO

Mwaka 1939 Wendell Furry aliunganisha wazo la Majorana na mbunguo maradufu. Kama nyutrino na kinzani yake ni kitu kimoja, basi nyutrino iliyotolewa na nyutroni ya kwanza inaweza kumezwa na nyutroni ya pili ndani ya kiini kile kile. Hakuna nyutrino itokayo nje. Elektroni mbili huondoka na nishati yote.

Tofauti ya mibunguo hii miwili huonekana kwa kuhesabu leptoni. Elektroni huhesabiwa +1, na nyutrino kinzani −1. Katika mbunguo wa kawaida wa beta, mwanzoni hesabu ni 0, na mwishoni ni +1 na −1, yaani 0. Katika mbunguo maradufu wa kawaida, mwishoni ni +2 na −2, yaani 0 tena. Katika mbunguo usio na nyutrino, mwishoni kuna elektroni mbili tu, na hesabu ni +2. Maada imeongezeka bila kinzani yake kuongezeka. Jambo la namna hiyo halijapata kuonekana katika jaribio lolote.

Kwa nini basi, hata kama linawezekana, liwe nadra kiasi hicho? Nyutrino kinzani huzaliwa ikizunguka kwa mkono wa kulia, lakini ili imezwe kama nyutrino yapasa iwe ya mkono wa kushoto. Kama haina tungamo, mkono wake hauwezi kugeuka. Kama ina tungamo ndogo, sehemu ndogo tu yake huwa ya mkono wa pili. Kwa hiyo uwezekano wa mbunguo huu hutegemea tungamo. Kwa kifupi:

1/T = G × M² × m²

Hapa T ni nusu-uhai. G ni kiasi kinachokokotolewa kutokana na nishati na chaji ya kiini. M huonyesha muundo wa ndani wa kiini. Na m ni wastani maalumu wa tungamo za nyutrino tatu. Anayepima T na kujua G na M, amepima tungamo ya nyutrino.

Mfano wa mwaloni unaeleza pia jinsi ya kuitambua ishara. Tuseme sasa wavuvi wawili hupita kwenye mizani. Kama wako wengine wawili wanaopita kwa siri na mafungu yao, jumla ya ndoo mbili zinazopimwa itakuwa leo kilo 22, kesho 35, na karibu haitafika 50 kamwe. Lakini kama wavuvi ni wawili tu, jumla itakuwa kilo 50 kamili kila siku. Vivyo hivyo, mtafiti hujumlisha nishati ya elektroni mbili. Kwa gerimaniamu-76 jumla inayongojewa ni elektronivolti milioni 2.039, kwa zenoni-136 ni elektronivolti milioni 2.458. Mlima mwembamba wa vipimo kwenye namba hiyo hasa ndiyo ishara inayotafutwa.

HESABU YA SUBIRA

Mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuikokotoa kazi hii kwa kutumia namba ya Avogadro. Kilogramu moja ya zenoni-136 ina atomi zifuatazo:

N = (1000 ÷ 136) × 6.02 × 10²³ = 4.43 × 10²⁴

Idadi ya viini vinavyovunjika kwa mwaka ni 0.693 × N ÷ T. Kwa mbunguo maradufu wa kawaida, T ya zenoni-136 ni kama miaka 2.2 × 10²¹. Jibu ni viini 1,400 hivi kwa mwaka, yaani vinne hivi kwa siku.

Sasa tuseme mbunguo usio na nyutrino una nusu-uhai wa miaka 10²⁶. Jibu ni viini 0.03 kwa mwaka. Mtafiti mwenye kilogramu moja angengoja miaka thelathini na mitatu ili aone kiini kimoja. Lakini mwenye kilogramu 1,000 ataona viini thelathini na kimoja hivi kila mwaka. Ndiyo maana miaka 10²⁶ inaweza kupimwa na watu wasioishi hata miaka mia: badala ya kuangalia kiini kimoja kwa muda mrefu, huangaliwa viini vingi kwa muda mfupi.

ADUI WA KIPIMO

Ugumu mkubwa hauko katika kungoja. Uko katika kuzuia kelele. Kiazi kitamu kimoja cha gramu 200, kama vile vinavyolimwa kote Usukumani, kina potasiamu yapata gramu 0.7. Sehemu ndogo ya potasiamu yote ya asili ni potasiamu-40, ambayo ni nururifu. Kwa hiyo ndani ya kiazi hicho huvunjika viini vipatavyo 20 kila sekunde, yaani zaidi ya milioni moja na nusu kwa siku. Hakuna madhara yoyote kwa mlaji. Mwili wa binadamu wenyewe una potasiamu ya namna hiyo, na viini vipatavyo 4,000 huvunjika ndani yake kila sekunde. Lakini mtafiti anayetafuta viini thelathini kwa mwaka katika tani nzima hawezi kuvumilia hata jasho la kidole lenye chumvi juu ya chombo chake.

Mawe nayo ni adui. Matale yaliyotapakaa kandokando ya Ziwa Viktoria, kama ilivyo miamba ya namna hiyo duniani kote, yana urani na thoriamu kwa kiasi kidogo. Katika ukoo wa urani huzaliwa bismathi-214, ambayo hutoa mnururisho wa gama wenye elektronivolti milioni 2.448. Namba hiyo imekaribiana mno na 2.458 inayotafutwa katika zenoni-136. Chombo kisicho makini hakiwezi kuzitofautisha.

Adui wa tatu hutoka juu. Miale ya anga inapogonga hewa huzaa chembe ziitwazo myuoni, na kiganja cha mkono kilichokunjuliwa hupitiwa na myuoni mia moja hivi kila dakika. Ili kuzikwepa, maabara hujengwa chini ya milima au ndani ya migodi. Maabara ya Gran Sasso nchini Italia ina mwamba wa meta 1,400 juu yake, na humo myuoni hupungua kwa kiasi cha mara milioni moja.

Kinga nyingine zinashangaza. Risasi hutumika kuzuia mnururisho, lakini risasi mpya ina kiasi kidogo cha risasi-210, ambayo ni nururifu na nusu-uhai wake ni miaka 22. Kwa hiyo jaribio la CUORE, huko Gran Sasso, limezungushiwa risasi ya Warumi wa kale iliyotolewa katika merikebu iliyozama miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Katika muda huo risasi-210 yote ya asili imekwisha kutoweka.

MAJARIBIO NA MATOKEO YAKE

Majaribio makubwa yametumia njia mbalimbali. CUORE hutumia fuwele 988 za oksidi ya teluriamu, zilizopozwa hadi karibu na sifuri halisi ya joto. Nishati ya mbunguo mmoja huongeza joto la fuwele kwa kiasi kidogo sana kinachoweza kupimwa. GERDA, na baada yake LEGEND-200, hutumia fuwele za gerimaniamu ambazo ni chanzo na kigunduzi kwa wakati mmoja, na ambazo hupima nishati kwa usahihi mkubwa. KamLAND-Zen, katika mgodi wa Kamioka nchini Japani, iliyeyusha kilogramu 745 za zenoni katika mafuta yanayomulika yanapopigwa na chembe.

Hadi sasa hakuna jaribio lililouona mbunguo usio na nyutrino na kukubaliwa. GERDA ilihitimisha kazi yake mwaka 2020 kwa kusema kwamba nusu-uhai wa gerimaniamu-76 ni zaidi ya miaka 1.8 × 10²⁶. KamLAND-Zen ilitangaza mwaka 2024 kwamba kwa zenoni-136 ni zaidi ya miaka 3.8 × 10²⁶. Kutokana na kipimo hicho cha pili, wastani wa tungamo, yaani m, hauzidi kiasi kilicho kati ya elektronivolti 0.028 na 0.122. Upana wa kiasi hicho hautokani na chombo. Unatokana na M, kwa kuwa nadharia mbalimbali za muundo wa kiini bado hutoa majibu yanayotofautiana.

Iko pia historia yenye funzo. Mwaka 2001 baadhi ya watafiti wa jaribio la Heidelberg-Moscow walitangaza kuwa wameuona mbunguo huo katika gerimaniamu-76, wenye nusu-uhai wa miaka kama 10²⁵. Wenzao wengi hawakuridhika. Jibu halikutafutwa kwa maneno. GERDA ilijengwa kwa isotopu ile ile, kwa kinga bora zaidi, na mwaka 2013 ilionyesha kwamba ishara iliyodaiwa haikuwepo. Hivyo ndivyo madai makubwa yanavyopaswa kushughulikiwa: kwa kipimo kingine, kilicho safi zaidi, kinachofanywa na watu wengine.

YATAKAYOFUNULIWA

Kama ishara itaonekana na kuthibitishwa katika isotopu zaidi ya moja, mambo manne yatajulikana.

Kwanza, nyutrino ni kinzani ya nafsi yake. Joseph Schechter na José Valle walionyesha mwaka 1982 kwamba hitimisho hili lasimama hata kama mbunguo umesababishwa na kani nyingine zisizojulikana bado.

Pili, hesabu ya leptoni si sheria kamili ya maumbile.

Tatu, kutapatikana kipimo cha tungamo yenyewe, wala si tofauti tu.

Nne, itasaidia kujua mpangilio wa tungamo. Yawezekana nyutrino mbili ni nyepesi na moja nzito, au mbili ni nzito na moja nyepesi. Katika mpangilio huu wa pili, kama nyutrino ni ya Majorana, m haiwezi kuwa chini ya elektronivolti 0.02 hivi. Katika ule wa kwanza inaweza kushuka karibu na sifuri. Jaribio la JUNO nchini China, lililoanza kukusanya takwimu mwaka 2025, linatafuta mpangilio huo kwa njia nyingine. Kama litaonyesha mpangilio wa pili, na mbunguo ukose kuonekana hata chini ya 0.02, itabidi kukubali kwamba nyutrino na kinzani yake ni vitu viwili. Lakini kama mpangilio ni wa kwanza, kutoonekana kwa mbunguo hakutathibitisha lolote kuhusu asili ya nyutrino. Kukosa kukiona kitu na kitu kutokuwepo ni mambo mawili.

Nyuma ya hayo yote kuna swali la maada. Kwa mujibu wa fizikia ijulikanayo, mwanzoni mwa ulimwengu maada na maada kinzani zilipaswa kuwa sawasawa, na zikutanapo hutokomezana na kubaki mwanga. Hata hivyo, sehemu ndogo ya maada ilisalia, kiasi cha chembe moja kwa kila bilioni moja. Mwaka 1986 Masataka Fukugita na Tsutomu Yanagida walipendekeza kuwa ziada hiyo ilianzia kwa jamaa wazito wa nyutrino, waliovunjika zamani hizo bila kufuata hesabu ya leptoni. Mbunguo usio na nyutrino hautathibitisha nadharia hiyo peke yake, lakini utaonyesha kwamba msingi wake unawezekana. Ziwa, mwamba, samaki na mtu mwenyewe ni sehemu ya ziada hiyo.

KWA MWALIMU: JARIBIO LA DARASANI

Funzo la nusu-uhai laweza kutolewa bila vyombo vya gharama. Wanafunzi wachukue punje 100 za mahindi na kuzipaka wino upande mmoja. Wazimwage mezani, waondoe zote zilizolala huku wino ukiwa juu, wahesabu zilizosalia, kisha warudie. Wachore grafu ya idadi iliyosalia dhidi ya idadi ya mimwago. Baada ya hapo mwanafunzi mmoja atumie punje moja tu, na aandike ni mmwago wa ngapi ndipo wino ulipotokea juu. Wanafunzi wakilinganisha majibu yao wataona kwamba punje moja haitabiriki, lakini punje mia zina kanuni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa kutumia hesabu ya leptoni, eleza kwa nini mbunguo maradufu wa kawaida hauvunji sheria na ule usio na nyutrino huivunja.

2. Kokotoa idadi ya viini vitakavyovunjika kwa mwaka katika kilogramu 500 za gerimaniamu-76, ikiwa nusu-uhai ni miaka 2 × 10²⁶.

3. Baada ya miaka 2,000, ni sehemu gani ya risasi-210 ya asili itakuwa imesalia katika kipande cha risasi? Chukua nusu-uhai kuwa miaka 22.

4. Kama m itapungua hadi nusu yake, nusu-uhai utaongezeka kwa mara ngapi? Jibu lako lina maana gani kwa ukubwa wa majaribio yajayo?

5. Mwanafunzi mmoja asema: "Mbunguo usio na nyutrino haujaonekana, kwa hiyo haupo." Jibu hoja yake kwa kutumia takwimu zilizotajwa katika makala haya.